Kipato cha Mwaka

Fomu ilitaka kipato cha mwaka cha familia, na ilikitaka kwa dola. Kaka yangu alisoma sehemu hiyo kwenye simu ya binti yake, akairudia, kisha akaandika kwa penseli kwenye daftari kile anachopata kwa ufundi wa kujenga katika mwezi mzuri, akazidisha kwa kumi na mbili. Mstari uliofuata uliuliza kazi ya mama. Akamwambia mtoto aandike kwamba hana kazi.

Wifi yangu hakuwepo kusikia. Alikuwa majarubani tangu alfajiri, anaamia ndege.

Nimefundisha shule ya msingi hapa Maore, wilayani Same, kwa muda wa kutosha kuona fomu nyingi zikijazwa, za shule, za bima, za mikopo, na karibu zote hujazwa namna hiyo, baba ana kalamu na mama yuko shambani. Hii ilikuja nyumbani kwetu, ikakaa kwetu wiki kadhaa, na kabla haijaondoka ilikuwa imemgusa kila mtu, mpaka mama yetu mzazi ambaye hakuna swali hata moja lililomhusu.

Binti alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba na alikuwa anasubiri matokeo. Mwalimu wake wa jiografia ndiye aliyemwambia habari za shule za UWC. Ni shule za kimataifa ambazo sasa zimefika 18, lugha kuu darasani ni Kiingereza, na vijana wa kati ya miaka 16 na 19 husoma hapo kwa miaka miwili wakafanya mtihani wa Baccalaureate ya Kimataifa. Ya kwanza ilifunguliwa Wales mwaka 1962, ndani ya kasri la kale la St Donat's, kutokana na mawazo ya Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyelazimika kuihama nchi yake baada ya Hitler kushika madaraka. Nchi nyingi zina kamati yao ya taifa inayochuja waombaji, Tanzania ikiwemo, na msaada wa ada hutolewa kwa kuangalia uwezo wa nyumba anakotoka mtoto. Ndiyo maana ya lile swali la dola.

Yeye moyo wake ulikuwa Waterford Kamhlaba, shule iliyo mlimani karibu na Mbabane, Eswatini. Alikuwa amesoma kwamba Michael Stern, Mwingereza, aliifungua mwaka 1963 ili watoto wa rangi zote wakae dawati moja, wakati upande wa pili wa mpaka, Afrika Kusini, sheria iliwatenganisha. Zenani na Zindzi, binti za Mandela, walisoma hapo baba yao akiwa kifungoni. Habari hizo alitusomea jioni moja huku tunachambua maharage, na nakumbuka mama yetu alisimamisha mikono.

"Mandela alikuwa na watoto wa kike?"

"Ndiyo, bibi."

"Na aliyewasomesha ni nani, kama yeye alifungwa?"

Hatukuwa na jibu kamili. Akauliza jingine, na hili alilirudia mara nyingi baadaye: mbona Moshi kuna shule ya namna hiyo hiyo, mtu akiondoka hapa asubuhi mchana amefika, iweje mtoto apelekwe Eswatini? Alikuwa sahihi kuhusu Moshi. Shule hiyo ilianza mwaka 1969 kama shule ya kimataifa ya pale Moshi, na mwaka 2019 ikaingia katika kundi la UWC. Binti alimweleza bibi yake kwamba nia ya shule hizi ni kuwachanganya vijana wa mataifa, ndiyo maana wengi hupelekwa mbali na kwao. Bibi akasema mtoto anaweza kuchanganyika Moshi pia. Mimi nilikuwa upande wa mtoto, lakini hoja ya mama ilikuwa nzito.

Cheti cha kuzaliwa ndicho kilichofungua mambo.

Miaka iliyopita panya waliingia kwenye sanduku la nguo wakatafuna kadi za kliniki za watoto wote. Tangu hapo kaka aliziondoa karatasi za maana sandukuni. Cheti cha binti alikitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga vizuri, akaufukia katikati ya gunia la mpunga kwenye stoo, akalishona gunia upya. Alichagua gunia la mwisho kabisa ukutani, ambalo kwa hesabu yake lisingeguswa kabla ya masika. Hakumwambia mtu. Siku binti alipokihitaji ili akipige picha na kukipakia, kaka aliingia stoo na tochi, akatoka mikono mitupu. Gunia la ukutani halikuwepo.

Wifi alikuwa anakaanga vitumbua. Akasema, bila hata kugeuka, kwamba yale manne ya ukutani aliyauza juzi kwa mnunuzi wa Ndungu.

"Manne?" kaka akauliza.

"Ada ya mdogo wake ililipwa na nini, baba watoto?"

Hapakuwa na muda wa mazungumzo. Kaka alichukua pikipiki ya jirani, nikapanda nyuma, tukashika njia ya Ndungu. Ukitoka Maore kwenda huko milima inakuwa mkono wako wa kulia, imekusimamia, na kushoto nchi imelala tambarare mpaka mpaka wa Hifadhi ya Mkomazi. Kuna joto la bondeni, na mbele yako unaanza kuona kijani cha majaruba ya mradi wa umwagiliaji wa Ndungu, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Kaka hakusema neno njia nzima. Tulipokaribia mashine ndipo aliponiuliza, kwa sauti ya mtu aliyekuwa analiwaza jambo tangu tulipoanza safari, kama nilikuwa najua kwamba mke wake anauza magunia manne kwa mara moja.

Nilijua. Wanawake wote wa mtaa wetu walijua.

Mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma na vumbi la pumba limejaa hewani. Mnunuzi, mzee mmoja mstaarabu, alisikiliza shida yetu akaenda kutuonyesha rundo lake: magunia yamepangwa mpaka karibu na paa, ya watu mbalimbali, na yote yanafanana. Kaka alianza kukata tamaa. Lakini kila mshonaji wa gunia ana mkono wake. Wifi hushona kwa uzi wa bluu wa plastiki, anavuka mara mbili kwenye pembe na kumalizia kwa fundo la kushoto, na kwa kuwa nimeshona naye misimu mingi, nilitembea nikitazama pembe tu. Yake yalikuwa matatu. La nne lilikuwa linamiminwa kwenye mdomo wa mashine wakati huo huo.

Kijana wa mashine alizima mtambo. Lile lililokuwa linamiminwa lilikuwa na mshono wa kaka upande mmoja, mishono mikubwa isiyolingana, uzi mweupe. Mfuko wa nailoni ulikuwa umeshatoka na mpunga, umekwama kwenye wavu wa juu ambao huzuia mawe na vijiti. Pembe moja ya cheti ilikuwa imekunjika. Maandishi yote yalisomeka. Kaka alimlipa kijana soda, mzee mnunuzi akakataa kupokea chochote, akasema tu kwamba yule mama mpunga wake ni msafi na humletea kila msimu, mwambieni asiache.

"Kila msimu," kaka alisema tulipokuwa tunarudi. Hakusema kingine.

Cheti kilipoletwa kwenye mwanga wa mchana, tuliona tatizo la pili. Jina la mwisho la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa lilikuwa la ukoo, na kwenye kumbukumbu za shule na mtihani lilikuwa la babu. Kwetu hilo ni jambo la kawaida kabisa, mtu hujulikana kwa baba na babu yake, ukoo unatajwa kwenye misiba na harusi. Lakini pasipoti haitaki majina mawili ya mwisho kwa mtu mmoja. Ilibidi kaka na binti wapande basi kwenda Same kwa njia ya Kisiwani, waape mbele ya wakili kwamba mwenye majina haya na mwenye majina yale ni mtoto mmoja, walipie hati ya kiapo, warudi jioni wamejaa vumbi. Pasipoti yenyewe ni shilingi 150,000, nayo ingehitajika baadaye, kama angechaguliwa. Kaka aliliandika hilo pia kwenye daftari, na nadhani ni hapo alipogundua kwamba hajui fedha hiyo ingetoka wapi, na kwamba mtu anayejua ni mmoja tu.

Jioni ile alisema tuhesabu upya.

Ndipo mama yetu alipokataa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake jikoni, makande yanachemka kwenye mafiga, akasema kwamba nyumba yake haitahesabiwa mali na watu wa ng'ambo. "Anayekuhesabia mali ana lake." Kaka alidhani ni uzee. Mimi nilijua linatoka wapi, kwa sababu simulizi hiyo nimelelewa nayo.

Katika miaka ya vita vya pili vya dunia, Wapare waliletewa kodi ya nyongeza juu ya kodi ya kichwa waliyokuwa wakilipa. Hii ya pili ilipangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, nayo ikajulikana kwa jina la mbiru. Kilichowaudhi watu zaidi ni hayo makadirio: nani amelala kwako akajua ulicho nacho, na kwa kipimo gani? Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakakataa kuondoka. Walikaa huko, na wanawake wakabaki kulima, kuvuna na kupeleka chakula. Baadaye wanawake nao waliandamana, Usangi. Malalamiko yalipelekwa mpaka Uingereza. Kodi ile ilifutwa mwaka 1947. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mtoto wa Upare, aliandika kitabu kuhusu jambo hilo, kikatoka mwaka 1971, na bado nadhani kila shule ya wilaya yetu ingepaswa kuwa nacho.

Bibi yetu, mzaa mama, alikuwa miongoni mwa waliobeba chakula. Mama alizaliwa miaka hiyo hiyo na alikua akisikia kwamba kuhesabiwa ndani ya nyumba yako ni kuvuliwa nguo.

Binti ndiye aliyemjibu, na alimjibu kwa heshima. "Bibi, wale walihesabu wao wakatuambia. Hii tunahesabu wenyewe, ndiyo tunawaambia."

Mama akanyamaza kidogo, akakoroga makande. "Basi hesabuni kweli," akasema. "Msipunguze na msiongeze."

Maneno hayo yalikuja wakati wake, maana ushauri mwingine ulikuwa umeshafika. Mdogo wetu aliyeko Dar es Salaam alikuwa amepiga simu kusisitiza tuandike kwamba hatuna kitu, nyumba ya udongo, mlo mmoja, kwa kuwa anavyojua yeye wafadhili hupenda hivyo. Kaka kwa upande wake alikuwa amepandisha, kwa sababu aliona aibu kumpeleka mtoto kwa wageni kama mtoto wa mtu asiyejiweza. Naheshimu aibu ile. Na simlaumu mdogo wetu, anampenda mtoto na amezoea mji ambao huruma inaombwa. Lakini mtoto wa miaka 17 angeitwa kwenye usaili, angekaa mbele ya watu asiowajua akaulizwa kuhusu maisha ya kwao, na kwa lugha ambayo hata kusema kweli ndani yake kunamtoa jasho. Kumbebesha na uongo juu ya hapo ni ukatili. Nililisema hilo wazi, na sijabadilisha mawazo.

Wifi aliporudi tulimkalisha. Alidhani kuna mtu amefariki.

Alianza taratibu, anatazama mikono yake. Mpunga: jaruba moja lake, jingine la kukodi. Msimu uliopita alivuna magunia 22. Toa ya chakula, toa mbegu. Toa pawatila, mbolea ya kukuzia, ada ya maji, vibarua wa kupandikiza na wa kuvuna. Ndege anawaamia mwenyewe, kwa hiyo kazi hiyo hailipiwi. "Hailipiwi na nani?" binti akauliza, na wifi akacheka, hakuelewa swali, kisha akalielewa akaacha kucheka. Kwelea kwelea wakiingia kwenye mpunga unaoanza kukomaa, asubuhi moja wanakuachia mabua. Mtu anasimama juani na kombeo na debe wiki kwa wiki, toka giza la asubuhi hadi giza la jioni. Tulikubaliana kuandika gharama ambayo angemlipa kibarua kwa kazi hiyo, kwenye safu ya pembeni, hata kama fomu haina nafasi yake.

Kisha tangawizi. Wifi ni wa Mamba Miamba, huko juu, na baba yake alimwachia kipande cha shamba pamoja na zamu ya maji kwenye ndiva. Kaka alijua habari za shamba. Hakujua kwamba mwaka ule tangawizi ilileta fedha kuliko mpunga.

Kisha vitumbua. Mpunga ukikobolewa zinatoka chenga ambazo mnunuzi hazitaki. Hizo huziloweka, huzisaga, hukaanga asubuhi, na mtoto wa kiume huviuza stendi kabla ya kwenda shule. Kwa siku ni fedha ndogo. Tulipoijumlisha kwa mwaka, tukatoa mafuta, sukari na kuni, binti alirudia hesabu kwenye kikokotoo cha simu kwa sababu hakuiamini. Kisha gawio la kikoba, ambacho wifi ni mtunza hazina wake. Kisha mbuzi wawili waliouzwa, mmoja kwa ajili ya dawa za mama.

Ikaja zamu ya kaka. Alianza na ule mwezi mzuri, halafu yeye mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, akaanza kupunguza. Masika hakuna anayejenga. Kuna mteja ambaye hajalipa tangu mwaka juzi. Kuna kazi za kanisa na za majirani ambazo si za kulipwa. Kuna fedha ya saruji iliyopita mikononi mwake tu, haikuwa yake. Alipomaliza, ufundi ulikuwa umeleta kama theluthi moja ya mapato ya nyumba ile.

Na jumla kuu, cha ajabu, ilikaribiana sana na ile aliyoikisia kwa penseli siku ya kwanza. Kiasi hakikubadilika. Kilichobadilika ni nani amekileta.

Kaka yangu ni mtu mwema. Ameamka mapema maisha yake yote, na nyumba anazojenga hazina ufa. Alikaa akaitazama karatasi ile, kisha akamwambia binti yake afute pale kwenye kazi ya mama. Wakaandika: mkulima wa mpunga na tangawizi, mfanyabiashara mdogo. Wifi akauliza kama hiyo inakwenda kusomwa na watu wa nje. Akaambiwa ndiyo. Akaomba waongeze kwamba ni mtunza hazina.

Baada ya hapo, insha ilikuwa rahisi kuliko tulivyotegemea. Ya kwanza aliyoiandika binti ilijaa ahadi za kuisaidia jamii, maneno yaliyoazimwa kwenye vitabu vya mtihani, Kiingereza sahihi ambacho hakikuwa cha mtu yeyote. Watoto wetu husoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, wakaingia sekondari wakakuta kila somo kwa Kiingereza, na wengi hujifunza kukiandika kwa ajili ya kujibu maswali tu. Hilo nalishughulikia kila siku kazini na linaniumiza. Nilimwambia aache ile, anieleze ndiva, kana kwamba mimi ni mtu wa Norway sijawahi kuiona.

Akaeleza. Kwamba ni bwawa lililochimbwa na wazee kwenye kiuno cha mlima, likazibwa kwa mawe na udongo. Kwamba usiku mfereji unalijaza, asubuhi linafunguliwa maji yateremke mashambani, na kila nyumba ina zamu yake. Kwamba babu yake mzaa mama alipofariki kulikuwa na ugomvi, wajomba wakisema zamu ya maji haiendi kwa binti aliyeolewa bondeni, na mama yake alipanda mlima akakaa kwenye kikao akitaja, mmoja mmoja, majina ya waliokarabati ukuta wa ndiva mwaka ulipobomoka, yeye akiwa mmojawapo. Akapewa zamu yake. Binti alikuwa mgongoni siku hiyo, ameisikia tu. Ndiyo insha aliyoipeleka.

Kwa ajili ya usaili tulijiwekea Jumamosi za Kiingereza. Nyumba ilipoa. Wifi alijifunza kuomba chumvi na kukataa sukari. Mama aliendelea na Chasu chake, yaani Kipare, na binti akawa anamtafsiria wageni wa kufikirika yale anayoyasema, zoezi ambalo lilimfaa kuliko yote niliyompangia.

Siku ya mwisho ya kutuma, umeme ulikatika saa kumi jioni. Saa mbili usiku mtandao nao ukapotea. Bando lilikuwepo, simu ilikuwa na chaji isiyofika nusu, fomu ilikuwa imejaa, na muda wa mwisho ulikuwa dakika moja kabla ya saa sita usiku. Kaka alisema kule juu, kwenye barabara ya kupanda Vuje, huwa kunashikwa mnara wa upande mwingine. Tukaondoka watatu kwenye pikipiki moja, mshikaki, kaka mbele, binti katikati ameikumbatia simu ndani ya kanga, mimi nyuma.

Hatukufika mbali. Kwenye mashamba ya mahindi, vijana wa zamu walitusimamisha kwa tochi. Tembo walikuwa wameingia kutoka upande wa hifadhi, wamevuka barabara kwa kundi, na wengine walikuwa bado hawajavuka. Mahindi ya vuli yalikuwa yamekomaa, na kipindi hicho hakuna usiku wa amani. Tulizima injini. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, mabua yanavunjika, madebe yanapigwa mbali, mama mmoja anaita jina la mwanawe arudi nyuma. Kijana aliyekuwa karibu yetu alikuwa analia kimyakimya. Shamba lililokuwa linaliwa lilikuwa la kwao. Sikujua la kumwambia. Kaka alimwekea mkono begani, wakasimama hivyo.

Ilipita saa sita. Kaka alisema pole, mwanangu.

Binti alikuwa anasoma maelekezo kwa mara nyingine, uso umeangaziwa na simu. "Baba, hii saa sita ni ya GMT. Kwetu ni saa tisa."

Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu majira hayo ya mwaka. Njia ilipofunguka tulipanda mpaka kwenye kona ambako vipimo viwili vya mtandao vilitokea, tukashuka, tukasimama tuli. Cheti kilipanda. Hati ya kiapo ikapanda. Insha ikapanda. Ukurasa wa fedha ulikwama, ukarudi mwanzo, ukataka ujazwe upya, na binti alizijaza namba zote kwa kichwa, safu kwa safu, mpunga, tangawizi, vitumbua, gawio, ufundi. Saa nane na nusu jibu likaja kwamba maombi yamepokelewa.

Aliitwa kwenye usaili. Alirudi akisema waliuliza zaidi kuhusu ndiva kuliko kuhusu Baccalaureate, na kwamba mmoja alitaka kujua mama yake anazikokotoaje hisa za kikoba. Waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Aliwekwa kwenye orodha ya akiba, na hakuna nafasi iliyofunguka. Alilia siku mbili. Bibi yake alikaa naye kitandani na hakuitaja Moshi hata mara moja. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa mazuri, na sasa yuko kidato cha tano katika shule ya serikali, bweni, mbali kiasi cha kutosha kumfanya aandike barua.

Mwezi uliopita kaka alikuja kwangu na daftari. Amesikia kwamba Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu huuliza pia habari za mapato ya wazazi, na binti atafika huko mwakani. Nikamwambia akae tuhesabu.

"Si mimi," akasema. "Mwenyewe yuko nje, anafunga vitumbua. Anasema kwanza ana swali: tangawizi ya mwaka huu imeoza robo kwa mvua, na anataka kujua kama hasara inaandikwa."

Nikamwambia amwite.